Boti ndogo ya jeti kwa kuvua pwani na kutoka na familia, nichukue ipi?

MvuviWaWikendi:

Wakuu habari zenu. Naombeni msaada manake nimesoma na kuangalia video mpaka kichwa kinauma na bado sijaamua. Nataka boti ndogo, futi 17 mpaka 20 hivi, inayoendeshwa kwa jeti, yaani pampu inayotupa maji nyuma, sio propela. Itakuwa na kazi mbili. Moja kuvua, na sio kule mbali, naongelea maili tatu nne za baharini toka ufukweni, pembezoni mwa miamba na mafungu ya mchanga, fimbo na mshipi wa mkono, mara mojamoja kuburura chambo. Nyingine ni familia, mi na mke wangu na watoto watatu, wa mwisho ana miaka mitano, na hao ukizima injini tu wote washaruka majini.

Jeti naitaka kwanza kwa ajili ya hao watoto, propela inayozunguka karibu na miguu ya mtoto siitaki kabisa. Pili maji tunayotembelea yakipwa yanakuwa mafupi sana, mchanga na mawe kila mahali, na hatuna gati, tunapandia na kushukia ufukweni.

Nimechuja nikabaki na aina tatu. Ya kwanza boti ya faiba yenye jeti ya kiwandani, mfano Yamaha futi 19, na nimeona wana ile 190 FSH iliyotengenezwa kwa ajili ya uvuvi, usukani uko katikati unaweza kuzunguka pande zote na fimbo yako. Ya pili boti ya alumini mita 5.5, used, injini ya petroli ya ndani na pampu ya jeti, muuzaji anasema ilikuwa inafanya kazi mtoni. Ya tatu boti ya alumini ya kawaida yenye mashine ya kupachika, ila chini badala ya propela imefungwa mguu wa jeti.

Ipi itanifaa? Na kuna mtu humu anaetumia jeti kwenye maji ya chumvi kwa miaka, akaridhika? Nambieni ukweli hata kama ni wa kunikatisha tamaa.

FundiPampu:

Karibu mkuu. Mi hizi pampu ndo kazi yangu kwa hiyo ntaandika kirefu kidogo, nivumilie.

Kwanza elewa inavyosukuma manake hapo ndo majibu yote yalipo. Chini ya boti karibu na nyuma kuna mdomo wenye wavu wa vyuma, maji yanaingia hapo, yanakutana na impela (panga la pampu) inayozunguka ndani ya pete iliyobana sana, halafu yanapita kwenye mapezi yaliyosimama yasiyozunguka yanayonyoosha ule msokoto, yanatokea kwenye nozeli nyembamba kwa kasi. Ule mtupo wa maji ndo unaisukuma boti. Ukikata usukani unageuza nozeli. Ukitaka rivasi kuna bakuli linashuka nyuma ya nozeli linarudisha maji mbele. Hakuna kitu kinachoning'inia chini ya kitako cha boti, ndo maana inapita maji mafupi.

Sasa gharama yake. Ile nafasi kati ya ncha za impela na pete ni chini ya milimita moja, na uzima wa pampu uko hapo. Mchanga na changarawe zikipita zinaikwangua, nafasi inaongezeka, maji yanaanza kurudi nyuma badala ya kwenda mbele, injini inapiga kelele nyingi boti haiendi. Kwa hiyo mtu anaekwambia jeti ni ya maji mafupi amekwambia nusu tu. Ikiwa imeshainuka juu ya maji kwa mwendo, itapita pafupi bila shida. Ikiwa imesimama au unaondoka pole pole ufukweni na gesi, inavuta mchanga wote wa chini. Watengenezaji wengi wanataka uwe na sentimita 60 mpaka 90 za maji chini ya kitako kabla hujawasha. Wewe unaepandia ufukweni lishike hilo kuliko yote: zima injini mapema, shuka uisukume kwa mkono, na ukiondoka isukume mpaka maji ya kiunoni ndo uwashe.

Jambo la pili uzito. Jeti inachukia uzito kuliko propela. Piga hesabu, nyinyi watano, lita 100 za petroli ni kama kilo 74, nanga na mnyororo, boksi la barafu, maji ya kunywa, vifaa vya kuvulia. Boti ndogo ya jeti inayoruka vizuri na dereva peke yake inaweza ikagoma kuinuka ukipakia familia, na ikigoma kuinuka inakunywa mafuta vibaya sana, manake jeti kwenye mwendo wa kati, pale imeinua pua haijakaa sawa, ndo mahali pake pabaya kuliko pote.

Kwa hiyo ile ya tatu, mguu wa jeti kwenye mashine ya kupachika, mimi kwa matumizi yako naitoa. Ule mguu unapoteza kama asilimia 30 ya nguvu, ndo maana utakuta mashine ya jeti imeandikwa 80 wakati kichwa chake ni cha hp 115. Na mdomo wake wa kunyonyea uko nyuma ya boti kabisa, mawimbi yakianza kupiga piga unavuta hewa, injini inapaa mizunguko, boti inalegea, unapunguza, unaongeza, inavuta hewa tena. Mtoni kwenye maji yaliyolala ni kitu kizuri sana. Baharini na watoto hapana.

Ya pili siwezi kuisema bila kujua kitako chake kikoje. Nitumie picha ya nyuma ukiwa umeinama.

MzeeWaDira:

Fundi ameongea vizuri, mi niongeze la kitako manake ndo litakalokuumiza mgongo.

Hizi jeti asili yake ni mtoni. Bill Hamilton wa New Zealand alizitengeneza miaka ya 1950 kwa ajili ya mito ya kwao, maji ya kasi, mafupi, mawe matupu. Mwanzo alikuwa anatupia maji chini ya kitako, boti ikawa nzito kwenda, alipopandisha tundu la kutokea juu ya usawa wa maji ndo ikapata mwendo. Mwaka 1960 boti zake zikapanda mto Colorado kule Marekani kupitia Grand Canyon kwenda juu dhidi ya mkondo. Sasa boti zilizotokana na ukoo huo nyingi zina chini bapa kwa sababu mto hauna mawimbi, unataka boti ielee juu juu. Kitako cha mtoni kinaweza kuwa na mwinamo (ukali wa ile V ya chini) wa nyuzi 6 mpaka 12 hivi pale nyuma. Baharini ukikutana na mawimbi mafupi ya upepo wa mchana chombo hicho kinapiga maji kama sinia, kila wimbi, na mtoto wa miaka mitano hawezi kuvumilia hata dakika kumi. Unatafuta nyuzi 15 kwenda juu, 18 au 20 ni nzuri zaidi kwa mwili ila itataka nguvu zaidi kuinuka.

Na mwinamo ukizidi sana jeti nayo inalalamika, manake kwenye V kali viputo vya hewa vinakimbilia katikati kwenye mdomo wa pampu. Wajenzi wazuri wanaweka kibapa chembamba katikati ya mkuku mbele ya mdomo ili maji yafike safi, na ile mistari ya chini ya kitako wanaikata kabla haijafika kwenye mdomo. Ukiiona boti ina mistari inapita sawasawa na mdomo au kuna kitu kimefungwa mbele yake, kama kile kidude cha fishfainda (mashine ya kutafutia samaki), jua itakuwa inavuta hewa.

La mwisho na hili naliweka kwa msisitizo. Boti ya jeti ukiachia gesi imekosa usukani. Propela ina mguu chini unaosaidia hata ukizima, jeti haina kitu, maji yasipotoka hakuna kinachogeuza. Mtu mgeni akiona kizuizi mbele mkono wake unaachia gesi halafu anakata usukani, na boti inakwenda mbele vile vile ilivyokuwa inaelekea. Baadhi ya boti za kiwandani zimewekewa mapezi madogo nyuma ya kusaidia, Yamaha wana kile kimkuku kinachogeuka pamoja na nozeli, na vinasaidia kweli hasa mwendo mdogo. Ila mazoezi ndo dawa. Na ukiwa unarudi na mawimbi yanatokea tezi (nyuma) usiachie gesi ukiwa unashuka mgongo wa wimbi, omo (mbele) itazama, nyuma itapitwa, boti inalala ubavu. Weka gesi ndogo lakini iwepo, kaa nyuma ya wimbi, usilipite.

Kama boti ina bamba la CE (alama ya viwango vya Ulaya) angalia herufi. C ni ya pwani, upepo mpaka nguvu ya 6 ya kipimo cha Beaufort na mawimbi mpaka mita 2. D ni ya maji yaliyotulia, mawimbi ya sentimita 30, nusu mita kwa bahati. Boti ya D na watoto maili nne kutoka nchi kavu sikushauri kabisa.

ChumaTupu:

Mi ntakuwa tofauti na wenzangu. Mbona usichukue propela tu ukafunga kizimba cha kuzuia? Mafuta utatumia kidogo, spea zipo kila mahali, kila fundi anaijua, na kuburura chambo utafanya bila tabu. Jeti kwenye mwendo wa kuburura inayumba yumba, unasahihisha usukani muda wote, mchana mzima hivyo mkono unachoka.

MamaKepteni:

ChumaTupu uko sahihi kwenye kuburura, jeti mwendo mdogo haishiki njia. Ila kizimba nimewahi kukitumia, kinapunguza mwendo, kinakusanya mwani na kamba, na kidole cha mtoto bado kinapita. Na kwa maji anayoyasema kaka hapo juu propela itapiga jiwe tu siku moja.

Lakini nataka kuongea na MvuviWaWikendi kama mzazi mwenzangu. Kaka, usinunue jeti ukiamini ni salama kwa watoto. Ni salama zaidi kuliko propela, hilo nakubali kwa asilimia zote, ila ina hatari zake na watu hawazisemi. Ule mdomo wa chini unanyonya. Nywele ndefu, kamba ya laifu jaketi, kamba ya maboya, nguo iliyolegea, vyote vinaingia kwenye wavu injini ikiwa inazunguka, hata mwendo mdogo. Na ule mtupo wa nyuma una nguvu ya kutisha, mtu akiangukia nyuma ya nozeli maji yanaweza kuingia mwilini kwa nguvu yakamjeruhi vibaya sana ndani, ndo maana kwenye jeti ski wanaandika uvae suruali nzito ya kuogelea, chupi ya kuogelea pekee haizuii. Kwa hiyo kwetu sheria ni moja: hakuna anaegusa ngazi ya nyuma mpaka ufunguo umetoka na uko mkononi mwangu. Jeti nyingi hazina nyutro ya kweli, lile bakuli linakaa nusu nusu maji yanatupwa mbele na nyuma yakilingana, impela bado inazunguka na boti bado inasogea kidogo kidogo. Mtoto anaona boti imesimama anadhani imezimwa.

Halafu moshi. Injini ya petroli inatoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na inakusanyika nyuma pale pale watoto wanapopenda kukaa miguu ikiwa majini. Injini inaunguruma, watoto wako ndani, mbali na ukingo wa nyuma. Na kama ni injini ya ndani, kabla ya kuwasha washa feni ya chumba cha injini walau dakika 4, inua kifuniko unuse. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unakaa chini kule ngamani (sakafu ya chini kabisa ndani ya boti) unasubiri cheche. Watu wanaruka hatua hii wakiwa na haraka ya kuondoka, hasa baada ya kujaza mafuta, na hapo ndo hatari ilipo kubwa.

Mengine ni ya kawaida ila yatakufanya uipende boti au uichukie: kivuli kinachobaki hata mkienda mwendo, kingo za juu kidogo ili mdogo asitumbukie (zinazofika kiunoni kwake hazitoshi, ziwe kifuani), ngazi inayoshuka chini ya maji hatua tatu walau, sehemu ya kukaa mama akiwa na mtoto iwe katikati sio mbele, mbele ndo panarusha. Zile boti za uvuvi zenye usukani katikati zinavutia ila nyingi viti vyake ni vichache na vimesimama, nenda ukakae na familia nzima humo kabla hujalipa.

MvuviWaWikendi:

Aisee nashukuru sana, nimesoma yote mara mbili. Dada MamaKepteni hilo la mtupo wa nyuma sikulijua kabisa na ntalifundisha nyumbani kabla hata boti haijafika.

Nimerudi kwa muuzaji wa ile ya alumini. Ilikuwa juu ya trela, nikahakikisha trela imelala sawa, nikaweka simu yenye programu ya kupima mwinamo kwenye kitako pale nyuma kushoto na kulia. Imesoma nyuzi 8. Kwa hiyo MzeeWaDira hiyo nimeiacha, na ya mguu wa jeti nimeiacha pia. Nabaki na faiba ya kiwandani. Kuna moja ya mtumba ya usukani katikati imejitokeza, futi 19.

Maswali yaliyobaki: naweza kuiacha inaelea majini wiki nzima au lazima trela? Chumvi inaila pampu kwa kasi gani? Na wakati wa kuikagua niangalie nini hasa?

FundiPampu:

Trela mkuu, hapo usijadiliane na mtu. Boti ya propela ikiota magamba unakwangua kitako maisha yanaendelea. Ya jeti yale magamba ya baharini yanaota ndani ya mfereji wa kuingizia maji, juu ya wavu, kwenye impela, kwenye mapezi, mahali ambapo mkono haufiki, na hayahitaji kuwa mengi, uso ukishakuwa mkwaruzo tu maji yanavurugika na mwendo unapotea. Maji ya joto wiki mbili zinatosha kuanza kuliona hilo. Kama huna pa kuiweka nchi kavu basi jeti sio yako, nunua kitu kingine, naongea kwa nia njema.

Chumvi: pampu nyingi ndogo mwili wake ni alumini na impela na shafti ni stenlesi. Metali mbili tofauti kwenye maji ya chumvi zinatengeneza kabetri, na inayoliwa ni alumini. Ndo maana kuna vile vipande vya zinki au vya aloi ya alumini vilivyofungwa makusudi ili vyenyewe viliwe kwanza. Vikiisha nusu badilisha, usisubiri viishe vyote, na usivipake rangi maana ukivipaka havifanyi kazi. Ukikuta boti ya mtumba vipande hivyo vimeisha kabisa na alumini pembeni ina vishimo vyeupe kama unga unga, hiyo pampu imeshaliwa, shusha bei sana au ondoka.

Kusafisha kila ukitoka baharini, kila mara, bila kusingizia uchovu. Kwenye injini nyingi za aina ya jeti ski na boti za kiwandani mpangilio uko hivi: unaunga bomba, unawasha injini kwanza halafu ndo unafungulia maji, ukimaliza unafunga maji kwanza halafu unazima injini. Ukigeuza mpangilio maji yanaweza kupanda kwa njia ya ekzosi yakaingia kwenye silinda, na hapo injini nzima imekwenda. Usiiache ikizunguka nje ya maji muda mrefu hata kama bomba limeungwa, bomba linapoza injini, halipozi sili ya shafti. Fuata kitabu cha injini yako kama kinasema dakika kadhaa basi ni hizo. Baadhi ya boti zina upoozaji wa mzunguko uliofungwa, injini yenyewe haiguswi na chumvi, kwa bahari hiyo ni faida kubwa sana, iulize.

Ukaguzi sasa. Tochi na feelageji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi). Lala chini angalia wavu kama vyuma vimepinda na boliti zimekaa. Mulika impela, kingo za mbele ziwe kali na sawa, zikiwa zimeumwa umwa au zimejikunja jua imekula mawe. Pima nafasi kati ya impela na pete sehemu nne kuzunguka, isiwe inabana upande mmoja na kuachia upande mwingine, hiyo ina maana beringi imechoka au shafti imepinda. Izungushe kwa mkono usikie kama inakwaruza. Fungua kifuniko cha chumba cha injini angalia mistari ya chumvi iliyokauka kuzunguka pale shafti inapoingilia, hiyo ni sili inavuja, na kwenye kuta za ngama angalia mstari wa maji uliwahi kufika wapi. Chomoa kijiti cha oili, ikiwa kama maziwa funga funika. Pima kompresheni silinda zote.

Halafu majini, na hapa ndo watu wengi wanadanganywa: muuzaji anakupeleka mko wawili tanki robo boti inaruka. Kataa. Nenda na watu watano au mifuko ya maji ya uzito huo, tanki angalau nusu. Angalia inachukua muda gani kuinuka. Ikishainuka fungua gesi yote kwa sekunde chache usome mizunguko ya injini na mwendo wa GPS. Kila boti ina namba zake kwenye kitabu. Mizunguko ikiwa juu ya kiwango na mwendo ukiwa chini, pampu imechoka au inavuta hewa. Mizunguko ikiwa chini ya kiwango, injini ndo imechoka. Jaribu rivasi kwa nguvu kiasi, bakuli lishuke lote na lirudi lote.

ChumaTupu:

Sawa nimekubali kwenye maji mafupi. Basi angalau afunge mashine ndogo ya kupachika pembeni, hp 6 au 8, ya mguu mrefu. Itamsaidia kuburura chambo ikinyooka, na siku jeti ikimeza mfuko wa plastiki atarudi nayo nyumbani.

FundiPampu:

Hapo umenena. Ila aulize kwanza kama nyuma pana pa kufunga, boti nyingi za jeti za kiwandani nyuma ni jukwaa la kuogelea, hapajatengenezwa kubeba mashine. Bano linawezekana, lifungwe kwa boliti zinazopita na bamba la nyuma, sio skrubu kwenye faiba. Na uzito wake uingie kwenye ile hesabu, kilo 25 mpaka 40 kutegemea mashine, zikikaa mwisho kabisa nyuma zinabadilisha boti inavyoinuka. Na ile mashine ikiwa chini inazunguka nayo ni propela, kwa hiyo sheria ya MamaKepteni ya ufunguo inaihusu pia.

Kuhusu plastiki na mwani. Zima, toa ufunguo, fungua kile kidirisha cha kusafishia juu ya pampu, Yamaha wameviweka kwenye jukwaa la nyuma unafika bila kuingia majini, na hii kwangu ndo sababu kubwa ya kuchagua boti moja kuacha nyingine. Boti ambayo ili kutoa kamba lazima uzame chini yake mawimbi yakiwepo mi siinunui kwa ajili ya familia. Ikiwa ni kamba izungushe impela kinyume kwa mkono huku unavuta taratibu. Beba kisu cha meno na glovu humo humo kwenye boti.

MzeeWaDira:

Na mshipi. Wakati mnavua mkielea injini imezimwa hakuna neno. Ila samaki akikimbilia chini ya boti na wewe ukawasha ili umfuate, mshipi unaingia kwenye mdomo wa pampu, hasa ile nyuzi ya kusuka haionekani inajizungusha kwenye shafti na kukata sili. Kusanya mishipi yote kwanza ndo uwashe. Nanga nayo itupwe omo tu, kamba ya nanga kwa tezi kwenye boti ndogo imezamisha watu, wimbi moja likiingia nyuma linaleta la pili.

Mafuta gawa tatu: fungu la kwendea, fungu la kurudia, fungu la akiba lisiloguswa. Kwa jeti mi naliona hilo ni lazima kwa sababu bahari ikichafuka ukalazimika kwenda pole pole, matumizi yanapanda wakati ule ule unaohitaji yashuke.

MvuviWaWikendi:

Wakuu nimeelewa. Mpango umekuwa huu: trela nimeshapata pa kuiweka. Ile futi 19 naenda kuiangalia na tochi na feelageji, kidirisha cha kusafishia ninakitaka kiwepo na kifikike kwa mkono, bamba la C, na sitalipa chochote mpaka tumeingia majini sote watano na vitu vyetu. Mke wangu amesema yeye ndo atakaa na ufunguo siku za kuogelea, hilo limeisha.

Swali moja tu la mwisho, kujaribu majini niende saa ngapi? Asubuhi bahari imelala au nisubiri upepo?

FundiPampu:

Vyote viwili kama muuzaji atakubali. Asubuhi maji yakiwa yamelala chukua namba za mizunguko na mwendo, manake kwenye mawimbi hazisomeki. Halafu upepo ukianza toka tena kidogo tu, ukienda kinyume na mawimbi kwa mwendo mtakaoutumia na watoto, usikilize kama mizunguko inaruka ghafla inavyovuta hewa, mara mojamoja ni kawaida, kila wimbi sio kawaida. Kisha geuka mawimbi yawe nyuma uone inavyoshika njia. Maji yawe yanajaa sio yanapwa, mkikwama fungu la mchanga yatawainua. Ukipata zile namba zitupie hapa pamoja na aina ya injini, tutazilinganisha na za kitabu kabla hujatoa hela.